Permi ya Mashine Yenye Kelele

Mashine yetu ya kusaga inasikika kabla haijaonekana. Mtu akishuka kwetu Kimanga kutoka barabara kubwa na beseni la muhogo mkavu kichwani, haulizi njia, anafuata mlio. Anayeiwasha ni mimi. Nashika manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungushia mota, naegemeza mguu kwenye jiwe, naanza polepole kama mtu anayebembeleza mtoto, halafu navuta kwa nguvu zote. Moshi mweusi wa mazutu, yale mafuta ya dizeli, unaruka juu, bati zinatetemeka, na mama waliopanga mustari wanapiga kelele: “Angalia mwanamuke! Ile mikono ni ya fundi!” Tangu mwanzo wengi walisema manivela itanivunja mkono. Mpaka leo mkono uko mzima.

Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari. Lakini kichwa changu hakikuacha kutembea. Siku moja unga wetu utafungwa kwenye mifuko yenye picha ya ziwa na milima, utapanda boti mpaka Kalemie, na mtu wa huko akipika bugali atasema, huu umetoka Uvira. Mfuko wenyewe nimeshauchora. Najua hadi rangi ya herufi.

Mashine ni ya Mama. Zamani ilikuwa chini, karibu na maji, kwenye avenyi, mtaa ambao leo ni samaki wanapita ndani yake. Ziwa lilipopanda, lilianza kwa kulamba kizingiti, tukacheka. Kisha likaingia jikoni, likaingia chumbani, na watu wakaanza kusimulia kwamba kiboko ameonekana karibu na kanisa. Tulihama. Mama alitoa kwanza permi ya mashine, ile karatasi ya serikali inayomruhusu kusaga. Alikuwa ameifunga kwenye plastiki, akaiweka juu ya kichwa chini ya kitambaa. Godoro lilifuata nyuma. Mashine tuliivuta kwa kamba juu ya pusupusu, mkokoteni wa mbao, vijana wa avenyi wakisukuma, na kati ya waliosukuma alikuwapo mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe aliyeikunja mpaka magotini. Ndiye aliyekuja kutushitaki baadaye.

Lazima niseme ukweli juu ya huyo mzee, maana wengine wanamsimulia vibaya. Anauza vitenge sokoni, kama baba yake na babu yake walivyouza, familia ya Waislamu wa mji huu tangu zamani sana. Kiwanja kidogo tulichopata kilikuwa kimegusana na ukuta wake. Siku tunafika alitutumia maji ya kunywa na sahani ya wali. Mke wake, ambaye wote tunamwita Bibi, alimpa Mama kitenge cha kujifunika, kwa sababu vyetu vyote vilikuwa vimelowa. Hao ndio majirani Mungu aliotupa.

Kisha tukawasha mota.

Bibi ana tansiyo, damu yake inapanda. Daktari alimwambia alale kidogo kila adhuhuri, na asisumbuliwe. Chumba chake kiko nyuma ya ukuta ule ule ambao mashine yetu inautetemesha. Mzee alikuja kwa heshima, akasimama mlangoni, akavua kofia.

“Mama, samahani. Bibi yako hapati usingizi.”

“Pole sana, Baba. Tutapunguza.”

Tulipunguza kweli. Lakini muhogo ulipokauka milimani na kwenye bonde, mabeseni yakajaa mpaka barabarani, na watu wametoka mbali, utamwambia nani arudi na muhogo wake? Mzee alikuja tena. Mara hiyo hakuvua kofia. Baada ya hapo hakuja yeye, ilikuja karatasi ya kumwita Mama kwenye tribinali, mahakamani.

Mama aliishika kwa ncha za vidole, kana kwamba ina moto. “Weye umesoma,” akaniambia, “niambie inasema nini.” Nikamsomea: kelele, mtikisiko wa ukuta, afya ya mke. Alikaa chini. Hakumtukana mzee. Alisema tu, “Angerudi mara moja tena, ningemusikia.”

Tribinalini tulienda bila avoka, mtu wa kututetea. Mzee alikuwa naye mmoja, kijana mwenye viatu vinavyong’aa na sauti nzuri ya kuimba kwaya. Tulidhani tutazungumzia kelele. Kumbe juji, yaani hakimu, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoshuka puani, aliuliza jambo la kwanza kabisa: “Mashine iko na permi?”

Mama akafungua kitambaa, akatoa plastiki, akatoa karatasi, akaiweka mezani akiwa amenyoosha shingo. Nilijivuna naye. Wangapi Kimanga wanafanya kazi bila karatasi yoyote, wakiona mtu wa ofisi ya komini wanaruka ukuta?

Avoka aliisoma, akatabasamu.

“Mheshimiwa juji, permi hii ni halali. Lakini imetolewa kwa avenyi fulani, na hiyo avenyi kwa sasa iko chini ya ziwa. Permi ni ya mahali. Kama mahali pameingia majini, permi nayo imeingia majini.”

Watu walicheka. Mama hakucheka.

“Minye sikuhama,” alisema. “Ziwa njo ilihama.”

Hapo walicheka zaidi, hata juji alifunika mdomo. Lakini alipoacha kucheka alisema maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: “Mama, mashine inaweza kuhama. Permi haihami peke yake.” Akatufafanulia bila haraka. Permi ya mashine kama yetu haitolewi hivi hivi. Kwanza majirani wa pale pale wanaulizwa. Pale chini waliulizwa wakakubali. Hapa juu hakuna aliyeulizwa. Basi ofisi ya permi itume mtu, abandike tangazo, apokee maneno ya majirani wote, kisha tutarudi mbele yake yeye juji aamue. Na mpaka siku hiyo, mota isiwake.

Jioni hiyo walikuja kufunga kofuli kwenye mlango wa mashine, wakabandika karatasi yenye kashe, muhuri wa tribinali. Nilitazama manivela imelala sakafuni kupitia tundu la ubao. Mama aliniambia, “Twende tukapike.” Lakini hakupika. Mashine ndiyo iliyotulisha tangu mimi nikiwa mgongoni mwake. Ikinyimwa permi pale, hatukuwa na kiwanja kingine. Tungeiuza kama chuma.

Tangazo liliandikwa Kifaransa na kubandikwa kwenye milango na kwenye nguzo. Kwetu karatasi ya Kifaransa ukutani ina maana moja: kuna kiwanja kinauzwa au kuna nyumba inabomolewa. Asubuhi avenyi nzima ilikuwa nje. Jirani mmoja tayari alikuwa ameshika mkaa na anaandika kwenye ukuta wake kwamba nyumba haiuzwi. Nilipanda juu ya jiwe nikawasomea kwa Kiswahili: mwenye kuona kwamba mashine hii inamsumbua, au haimsumbui, aende kusema kwa mtu wa ofisi.

“Ah! Ni ile tu?” alisema mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mwenye sauti ya kuita boti kutoka ng’ambo. “Basi tutaenda sote. Tutasema haina kelele.”

“Haina ata kidogo,” akaongeza mwingine.

“Mashine gani? Minye sijaisikia!”

Walipigana mikono kwa kicheko. Siku hizo walikuwa wakitwanga muhogo kwenye kinu mpaka mabega yanawaka, au wanapanda nao mbali mpaka kwenye mashine ya barabarani. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutupenda. Mimi moyo ulijaa. Niliona avenyi yangu yote imesimama nyuma ya Mama, Wakatoliki na Waprotestanti, hata wale ambao hawapeani salamu tangu ule ugomvi wa mbuzi. Nikawaza, nani atatushinda?

Mtu wa ofisi alikuwa kijana mwembamba mwenye mkoba wa ngozi. Alikaa chini ya bati la muuza ndagala, akawapokea mmoja mmoja. Mimi nilikuwa karibu, nasikia.

“Mashine hii ikiwaka, unasikia nini?”

“Nasikia kama cherehani, papa. Cherehani ya mbali.”

Aliyefuata: “Mutoto wangu akikosa usingizi, namupeleka karibu na mashine.”

Fundi wa kuchomelea, ambaye masikio yake yalikufa zamani kwa kugonga vyuma, alipiga kelele: “NINI? KELELE? MINYE SIJASIKIA KELELE!” Huyo peke yake alisema ukweli.

Kijana alitazama kofuli, akatazama kashe, akaandika. Mashine ilikuwa kimya mbele yake kama jiwe la kaburi. Yeye alikuwa hajaisikia hata mara moja.

Mzee wa vitenge alipita akirudi kutoka msikitini. Vicheko vilikatika. Muuza ndagala akamwambia kwa sauti ya juu, “Baba, pole na masikio!” Mzee alipita akishika ukuta. Mama alikuwa mlangoni, na nilimwona anamfuata kwa macho mpaka mlango wa mzee ukafungwa.

Siku ya kurudi tribinalini avenyi ilihamia kule. Mama wa avenyi walivaa vitenge vya sikukuu. Vingine, nadhani, vilitoka kwenye duka la mzee mwenyewe. Bibi naye alikuja, ameshikwa mkono na mume wake, uso wake umevimba kwa kukosa afya, na alikaa kwenye benchi la mwisho karibu na dirisha. Alipotuona alitusalimu kwa kichwa.

Juji alifungua faili, akaanza kusoma yale maneno ya majirani. Cherehani ya mbali. Mtoto anayelazwa na mashine. Mashine gani. Kadiri alivyosoma, ndivyo miwani ilivyozidi kushuka. Alipomaliza, alimgeukia kijana wa ofisi.

“Hii ni mota ya mazutu?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Na haina mlio?”

“Majirani wote wanasema haina.”

“Weye mwenyewe uliisikia?”

“Ilikuwa imefungwa kofuli, mheshimiwa. Ilikuwa kimya.”

Chumba kililipuka. Juji alingoja kicheko kiishe, kisha akasema bila kucheka: “Basi niko na mambo mawili tu. Ao mashine hii imekufa, na mashine iliyokufa haihitaji permi. Ao watu hawa walipatana. Na kama walipatana, mwongo ni nani hapa? Ni huyu mzee, peke yake?”

Muuza ndagala, kwa kutusaidia, alisimama akasema: “Mheshimiwa, mzee iko anazeeka tu. Masikio ya wazee yanalia yenyewe.”

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, kofia yake nyeupe magotini, anaizungusha polepole. Mtu aliyesukuma mashine yetu amekunja kanzu. Upande wangu nilimwona Mama anainuka.

“Mheshimiwa juji, mashine yangu iko na kelele.”

“Mama!” akanong’ona muuza ndagala. “Kaa!”

“Iko na kelele sana. Iko inatikisa vyombo mpaka kwa jirani wa tatu. Binti yangu huyu akiiwasha, kuku wanaacha kutaga. Mzee huyu hasemi uongo. Alinipokea na maji siku nimefika nimelowa, siwezi kupata permi kwa kumufanya mwongo mbele ya bibi yake.”

“Unaharibu, weye mwanamuke,” mtu alisema nyuma, karibu kwa kulia.

“Na hawa si watu wabaya,” Mama aliendelea, akigeuka kuwaangalia. “Wananipenda, njo maana. Mabega yanawauma. Lakini mukinipa karatasi inayosema mashine yangu haina kelele, kesho nikiiwasha karatasi ile itanishitaki mimi mwenyewe. Munipe permi ya mashine yenye kelele. Halafu muniambie nitakaa nayo namna gani.”

Nje pikipiki ilipita, mlio ukaisha. Sijawahi kumwona Mama mrefu namna ile. Ni mfupi, ananifika begani, lakini siku hiyo nilimtazama kwa kuinua macho.

Juji alivua miwani. “Na weye ungependa kukaa nayo namna gani?”

Hapo nikajua kwamba zile siku alizokuwa amekaa mlangoni bila kupika, hakuwa analia. Alikuwa anafikiri. Alisema ataweka mifuko ya mchanga kati ya mashine na ukuta, juu mpaka kwenye bati. Atageuza tiyo, bomba la moshi, ielekee kwenye mtaro. Adhuhuri atazima mpaka Bibi aamke. Ijumaa wakati wa sala atazima, Jumapili asubuhi atazima. Watu wa mbali watakaokuja wakati huo watangoja kivulini.

“Na wakikasirika?” aliuliza juji.

“Watakasirika wakikaa.”

Juji hakutoa permi pale pale. Alisema kofuli ifunguliwe siku moja, mashine iwake, na kijana wa ofisi aisikilize kwa masikio yake, akiwa ndani ya chumba cha Bibi. Alisema hilo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo, na kijana akatazama viatu vyake.

Tulibeba mchanga kutoka ufukweni, mimi na mama wa avenyi. Muuza ndagala alibeba mingi kuliko wote, akinung’unika njia nzima: “Nimemusemea, ananiumbua. Nimemusemea, ananiumbua.” Lakini alibeba. Mzee alitoa magunia ya duka lake, yale yanayofungiwa mizigo ya vitenge, akayaweka tu mlangoni, akarudi.

Siku ya kuisikiliza, kijana alipofika na mkoba wake alikuta mabeseni yamepangwa mpaka barabarani. Muuza ndagala ndiye aliyemweleza kwamba mashine tupu ina mlio mwingine, inapiga kelele ya njaa, na kwamba kama anataka kuisikia vizuri lazima aisikie ikisaga. “Kwa hiyo tumeleta muhogo,” alisema, uso mkavu. “Ni ju ya kazi ya serikali.” Kijana alikuwa ameshajifunza. Alicheka, akasema, sawa, anzeni.

Nikashika manivela. Nikaegemeza mguu, nikazungusha, nikavuta. Ikakohoa ikafa. Nikavuta tena, na ikanguruma, na moshi ukatoka ukielekea mtaroni kama ulivyoambiwa, na mama wakapiga vigelegele vikaliwa na mlio wenyewe. Wote tukaangalia mlango wa mzee.

Kijana alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na Bibi, anamshika kiwiko, na Bibi alisimama kwenye kizingiti chake akiinua mkono ili nipunguze. Nikapunguza.

“Iko inasikika,” alisema Bibi. “Lakini sasa inasikika kama mvua ya mbali. Adhuhuri tu, mwanangu. Adhuhuri munipe.”

“Tutakupa, Bibi,” alisema Mama.

“Basi saga. Hata minye niko na muhogo ndani.”

Permi ilifika baadaye, na kashe ya buluu, na jina la Mama, na avenyi yetu mpya, ile ambayo ina nchi kavu. Chini yake masharti yote yameandikwa, hata la mchanga. Mama aliniomba nimsomee. Nilipomaliza alisema, “Soma tena pale kwa adhuhuri.” Nikasoma. Akaitundika ukutani, mbali na vumbi la unga, mahali mteja anaiona kabla hajashusha beseni.

Juma lililopita alikuja mtu wa Bwegera na gari limejaa magunia ya mahindi, mteja mkubwa ambaye mashine zote za mji zinamtamani. Alifika jua limesimama juu ya kichwa, mota imezimwa. Alitaka tumsagie haraka, dereva anangoja, akaahidi kwamba akiridhika atakuwa wetu kila mavuno. Mimi, na ndoto zangu za mifuko yenye picha, nilimtazama Mama kwa macho ya kuomba.

“Soma ukutani,” Mama alimwambia.

“Mama, sijui Kifaransa.”

“Minye pia sijui. Inasema kuna mtu analala.”

Mtu wa Bwegera alitazama ile karatasi, akatazama mota, akatikisa kichwa. Kisha akavuta gunia moja kutoka kwenye gari, akalilaza kivulini, akakaa juu yake. Mama akampa maji. Tulikaa hivyo, unga ukiwa bado kwenye nyusi zetu, tukisikiliza ukuta, mpaka upande wa pili tukasikia Bibi anakohoa na kufungua dirisha.

“Washa,” Mama aliniambia.

Nikashika manivela.